Jina Lako Mlangoni: Kwa Unayekwenda Kuishi Ujerumani

Siku utakapokabidhiwa ufunguo wa chumba chako, kabla hujafungua begi la nguo, kabla hujapiga simu nyumbani kusema umefika salama, chukua karatasi, andika jina lako la ukoo kwa herufi zinazosomeka, ulibandike mahali pawili: kwenye kengele ya mlango wa chini na kwenye sanduku la barua. Mimi sikufanya hivyo. Nilifika Leipzig mwezi wa Oktoba, nikakaa wiki tatu nikingoja kadi ya benki, barua ya bima ya afya na namba ya kodi ya mapato. Hakikuja kitu. Niliona nimesahauliwa, na usiku mmoja nililia. Kumbe barua zote zilifika hadi mlangoni. Mpeleka barua alitafuta jina langu, hakuliona, akazirudisha zilikotoka.

Sisi tumezoea S.L.P. Barua inakwenda posta kwa sanduku la shule, la kanisa au la ofisi ya mjomba, na yeyote anayekufahamu anaweza kukuchukulia. Nyumba ya kwetu Tanga haina jina mlangoni kwa sababu jina liko midomoni mwa watu. Muulize muuza mihogo wa pale kona, atakupeleka hadi uani. Kule hakuna wa kuulizwa. Jengo moja lina familia kumi na mbili, na anayejulisha kwamba upo ni wewe mwenyewe, kwa maandishi. Kwetu watu wanakutaja, kule unajitaja. Ilinichukua miaka kuielewa tofauti hiyo, na karibu kila nitakalokwambia hapa limetoka humo.

Naandika nikiwafikiria zaidi vijana wanaokwenda kusomea uuguzi na kazi za mikono. Wengi wao sasa ni Wakenya, tangu nchi yao ilipotia saini mkataba wa ajira na uhamiaji na Ujerumani mwezi Septemba 2024, na Watanzania hawako mbali nyuma. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao yatawafaa haya.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Ndani ya siku 14 tangu uhamie lazima ujiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ya mji. Jambo hilo linaitwa „Anmeldung“, na neno hilo utalisikia kabla ya kulisikia jina lako. Nenda na pasipoti na karatasi aliyosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Bila hilo hupati namba ya kodi, na mambo mengine yote yanakwama nyuma yake. Weka miadi mapema, maana hujaa. Ukiwa mwanafunzi, tangu Septemba 2024 akaunti maalumu ya viza inadai euro 11,904 kwa mwaka, nawe unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Pango linaweza kumeza nusu yake. Pango lenyewe lina bei mbili, „baridi“ na „joto“: ya baridi ni chumba kitupu, ya joto imejumlisha maji, taka na kupasha nyumba joto. Dhamana anayoruhusiwa kudai mwenye nyumba haizidi pango la baridi la miezi mitatu, na usimtumie mtu hata senti kabla ya kuona mkataba. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Usiitupe. Mkiishi watatu nyumba moja, analipa mmoja na mnachangiana.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo hakuna ofisi itakayokufundisha.

Nusu ya kuelekea wapi?

Wiki ya pili mwenzangu darasani aliniambia tukutane maktaba „halb neun“. Nilijua „halb“ ni nusu na „neun“ ni tisa, nikahesabu kama nilivyohesabu Kiingereza shuleni: saa tatu na nusu asubuhi. Nilipofika nikakuta kikaratasi mezani, kimeandikwa kwa adabu kwamba alingoja saa nzima, akaondoka. Mjerumani anaihesabu nusu kwa kutazama mbele. „Halb neun“ ni nusu ya safari ya kuifikia tisa yao, yaani saa mbili na nusu yetu.

Nililifikiria sana kosa lile. Saa yetu tumeifunga kwenye jua, na tunaweza, kwa sababu karibu na Ikweta jua halibadiliki: likichomoza ni saa kumi na mbili, baada ya saa moja ni saa moja. Leipzig, mwezi Desemba, jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limekwisha kuzama. Mwezi Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nalo huzama saa tatu na nusu usiku. Watu wenye jua kigeugeu namna hiyo wangeweka wapi imani yao isipokuwa kwenye saa ya ukutani? Tangu nilipoliona hivyo sikuudhika tena na haraka yao.

Basi ukipewa miadi, irudie kwa tarakimu, saa na dakika, mpaka mwenzako aseme ndiyo. Fika dakika tano kabla. Ukiona utachelewa, tuma ujumbe kabla ya saa kufika, kwa sababu ukituma baadaye unahesabiwa kama hukutuma. Wodini jambo hili lichukulie kwa uzito zaidi: zamu ya asubuhi ikianza saa kumi na mbili, anayekungoja amesimama usiku kucha, na kila dakika unayochelewa unamnyang'anya usingizi. Na kwa simu za nyumbani, kumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanazirudisha. Majira ya joto Afrika Mashariki inatangulia kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili. Mama anayekesha akingoja simu hapaswi kuumia kwa ajili ya hilo.

Wanasalimiana wapi

Watakwambia Wajerumani hawasalimii. Utapanda treni ya mjini, watu themanini, kimya, kila mmoja na dirisha lake, nawe utaamini. Ningekuomba usubiri hadi utakapougua jino.

Mimi niliugua mwezi wa Novemba. Chumba cha kungojea daktari kilikuwa na watu kumi na mmoja, wote wameinamia magazeti ya zamani. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye mkongojo, kofia mkononi. Alisimama kizingitini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, „Guten Morgen.“ Na wote kumi na mmoja, bila kuinua macho, wakaitikia pamoja, mngurumo mmoja wa chini. Mzee akakaa. Kimya kikarudi. Kila aliyeitwa kwa daktari alipotoka alituaga, tukamwitikia. Nilisahau jino. Nilikuwa barazani kwetu Ngamiani, mtu anapita na kikapu, anatoa salamu, waliokaa wanaitikia kwa pamoja, na mazungumzo yanaendelea kama hayakukatika.

Kumbe salamu ipo, ila ina mahali pake. Jifunze mahali hapo kama unavyojifunza vituo vya basi. Husalimiwi barabarani wala kwenye treni mjini. Lakini kwenye ngazi za jengo lako salimia kila unayekutana naye, hata kama humjui, hata kama jana hakukuitikia vizuri. Salimia kwenye lifti. Salimia kwenye duka la mikate kabla ya kutaja unachotaka. Salimia ukiingia chumba cha daktari. Ukienda kutembea msituni au mlimani, salimia mnaopishana, maana huko hata wageni husalimiana. Kaskazini watasema „Moin“ tangu asubuhi hadi usiku, kusini, Bavaria, watamtaja Mungu katika salamu. Na saa sita mchana kazini, mtu atakupita ukumbini akisema „Mahlzeit“, maana yake ni mlo tu. Usimuulize mlo gani. Itikia hivyo hivyo.

Shikamoo hutaipata. Heshima ya lugha iko kwenye neno la kumwitia mtu: „Sie“ kwa mkubwa, mgeni, mgonjwa na bosi, „du“ kwa rafiki, mtoto na mwanafunzi mwenzako. Anayeruhusu kuhama kutoka la kwanza kwenda la pili ni mkubwa au mwenye cheo, na siku anayokuruhusu ni siku ya kukumbukwa. Anaweza hata kukupa mkono. Wewe ngoja, usimtangulie.

Jambo moja limewaharibia wengi usaili wa kazi, nalo ni macho. Umelelewa kuyainamisha mbele ya wakubwa. Kule macho yaliyoinama yanasomwa kama ya mtu anayeficha kitu, au asiyejua kazi. Mtazame msimamizi wako usoni anapokuelekeza. Mara za kwanza utajiona umekosa adabu, moyo utakudunda. Fanya hivyo hivyo. Ukirudi nyumbani likizo, mbele ya babu yako yainamishe tena, na wala hutakuwa umemdanganya yeyote.

Kuhusu pole, nilihangaika. Mwenzangu wa zamu hospitalini aliibiwa baiskeli, nikamwambia kwa Kijerumani kwamba nasikitika. Akanitazama kwa mshangao. „Kwa nini? Si wewe uliyeiiba.“ Neno letu dogo linalofunika aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka kazini na aliyebeba mzigo, kule limegawanywa vipande. Mgonjwa anatakiwa nafuu: „Gute Besserung.“ Mfiwa anapewa „Mein Beileid.“ Anayejikwaa haambiwi kitu; anaulizwa kama ameumia. Na jioni, pale ambapo sisi tungesema pole na kazi, wao wanakutakia mapumziko mema, „Schönen Feierabend.“ Sisi tunatazama jasho lililotoka, wao wanatazama jioni inayokuja. Nilianza kuwaambia wenzangu yote mawili, la kwao kwanza, kisha „pole“, nikawaeleza maana yake. Miezi michache baadaye wodi nzima ilikuwa inasema pole, na mgonjwa mmoja mzee alikuwa akiniambia mimi kila nilipomgeuza kitandani.

Mwaka wa tatu bibi yangu alifariki Muheza. Sikumwambia mtu ila msimamizi, nilipoomba siku. Kesho yake nilikuta kwenye kabati langu la nguo za kazi bahasha yenye ukingo mweusi. Ndani kulikuwa na kadi, saini kumi na nne, nyingine za watu ambao nilidhani hawalijui jina langu, na euro 140 zilizokunjwa kwenye kikaratasi kilichoandikwa „kwa nauli“. Hakuna aliyenishika bega. Hakuna aliyekuja kukaa nami matanga. Walikuwa wamepitisha bahasha kimya kimya, zamu hadi zamu. Niliposimama pale na ile kadi nilijua ninachokishika ni rambirambi, na kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimeingoja huruma kwenye mlango mmoja huku ikipita mlango mwingine.

Karibu, na kalenda

Ukimwambia Mjerumani karibu nyumbani, atatoa kalenda. Kwetu karibu ni mlango kuachwa wazi; kwake ni ahadi yenye tarehe. Basi usiseme kama huna nia, na ukisema, taja siku. Atakuja dakika ile ile, na kitu mkononi: ua, chupa, chokoleti. Nawe ukialikwa fanya hivyo, na uulize mlangoni kama unavua viatu. Nyumba nyingi wanavua, na Mswahili aliyelelewa kuvua viatu kizingitini atajiona yuko kwao.

Chakula kinaumiza wageni wengi bila sababu. Mwenzako atafungua mkate wake mbele yako, atasema „Guten Appetit“ au atanyamaza, na atakula. Hakukunyima. Anaamini una mkate wako, na kukukaribisha wake kungekuwa kama kusema huna. Hotelini mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake. Jibu la kawaida ni kila mtu chake, hata kwa wapenzi. Lakini leta sambusa kazini siku moja, weka sahani mezani, uandike kikaratasi kwamba ni za wote. Mimi nilizikuta zimekwisha saa nne asubuhi, na wiki iliyofuata kulikuwa na keki ya tufaha ya mtu mwingine mahali pale pale.

Siku yako ya kuzaliwa, keki unaileta wewe. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe kufika; wanaamini ni mkosi.

Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi nyumba inyamaze, na Jumapili kutwa usitoboe ukuta wala kutupa chupa za kioo kwenye mapipa ya barabarani. Chupa za plastiki na makopo usitupe kabisa: nyingi zina amana ya senti 25, unarudishiwa dukani. Wakati wa baridi fungua madirisha wazi kabisa dakika chache, mara mbili tatu kwa siku, kisha ufunge. Utaona wanakutesa, lakini nyumba isiyopitisha hewa inaota kuvu ukutani, na gharama ya kuliondoa inaweza kukuangukia wewe.

Kwenye ndiyo na hapana, sema unachomaanisha. „Nitajaribu“ kwetu ni njia ya upole ya kukataa; kule ni ahadi. Na mtu akikwambia hapana waziwazi, hakukuchukia. Kesho atakusaidia kubeba kabati.

Waliotangulia

Usiende ukidhani wewe ndiye wa kwanza. Unaposema hela, unataja sarafu ya Kijerumani, „Heller“, iliyoletwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1904 kuchukua nafasi ya pesa. Unaposema shule, unasema neno lao. Ndiyo maana Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, wanasema skuli. Lugha yako imekwisha kukaa nao nyumba moja.

Ukipata siku Berlin, nenda Makumbusho ya Maumbile ya Asili. Katikati ya ukumbi amesimama dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Huyo katoka Tendaguru, Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya watu wa kwetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ikabebwa kichwani na mabegani hadi pwani, siku kadhaa za mguu. Simama pale, hesabu mifupa, ufikirie shingo zilizoibeba. Uchimbaji ule ulianza miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ardhi ya kusini ilikuwa bado na njaa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha. Mwaka 2024, mtaa wa Wedding huko Berlin, sehemu ya barabara iliyokuwa na jina la mkoloni Carl Peters ilipewa jina la Maji-Maji-Allee. Wajerumani wengi utakaokutana nao hawayajui haya. Waambie, kwa utulivu, na tarehe. Nimeona mara nyingi urafiki ukianzia hapo.

Wajue pia walioandika. Selim bin Abakari, Mngazija, alimfuata Mjerumani aliyemtumikia hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akatuachia maelezo ya desturi za Waswahili ambayo hadi leo wasomi wanayategemea. Alioa Mjerumani. Walipotaka kurudi pwani, utawala wa kikoloni haukuwaruhusu kuishi huko kama mume na mke, wakarejea Ujerumani, naye akafia huko mwaka 1927. Na Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, amelala Sayyida Salma, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyeitwa Emily Ruete. Aliondoka Unguja mwaka 1866, mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha aliyokuwa bado anajifunza. Kitabu cha maisha yake alikitoa mwaka 1886. Mimi nilikwenda pale kaburini mwezi wa Mei, nikamsomea Fatiha. Siku ambayo upweke utakubana, jua kwamba kuna aliyeupitia bila simu, bila ndege, bila hata sauti moja ya kwao.

Kiswahili chako usikifiche. Leipzig, Bayreuth na Hamburg vyuo vikuu vinakifundisha, na utakutana na Mjerumani anayejua ngeli kuliko wewe. Mwende pamoja mkapike pilau, yeye atakusahihishia „der, die, das“.

Likikupata baya

Litakupata, sitakuficha. Kuna atakayehamisha mkoba wake ukikaa karibu. Kuna mgonjwa atakayesema hataki kuguswa na mkono wako. Mimi niliambiwa hivyo, na msimamizi akamwambia mgonjwa kwamba huyu ndiye muuguzi wake wa leo, hakuna mwingine. Wengine hawakuwa na msimamizi wa namna hiyo. Utatafuta chumba, sauti kwenye simu itakuwa tamu, ukifika kimekwisha kuchukuliwa.

Usijilazimishe kuona kila baya ni tofauti ya utamaduni. Kimya cha kwenye treni ni utamaduni. Tusi ni tusi. Andika tarehe, saa, mahali na jina la aliyeshuhudia, usiku huo huo. Tangu 2006 ipo sheria ya kuzuia ubaguzi kazini na kwenye huduma, na madai ya fidia yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi miwili, kwa hiyo usikae na jambo moyoni hadi muda upite. Ipo ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi inayotoa ushauri bure, na chuo au hospitali kubwa huwa na mtu wake wa kushughulikia malalamiko. Na mwambie mtu wa kwenu. Yule uliyemzoea, si kundi zima la WhatsApp.

Kundi la familia lina uzito wake. Wataomba, na hawaombi kwa ubaya. Wanajua unalipwa kwa euro, hawajui pango la joto. Waeleze mapema, kwa tarakimu: mshahara huu, pango hili, bima hii, kinachobaki hiki. Baba yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, „Mwanangu, basi kumbe nawe unaishi.“ Tangu siku hiyo aliuliza kwanza kama nimekula.

Kifurushi cha jirani

Mpeleka mizigo asipokukuta nyumbani, humwachia jirani. Utakuta kwenye sanduku lako kikaratasi chenye jina la mtu wa ghorofa ya pili. Wageni wengi hujikunyata, wanangoja hadi kesho kutwa, wanaona haya. Wewe nenda jioni ile ile, kabla ya saa mbili usiku. Piga kengele mara moja, ungoje. Usiseme „mimi“ kama tunavyosema kwetu tukibisha hodi. Taja jina lako la ukoo, lile lile ulilobandika, na ghorofa unayokaa.

Mimi nilifunguliwa mlango na mama mwenye miaka themanini na kitu, miwani kwenye mnyororo, paka miguuni. Alikishika kifurushi kifuani, hakunipa mara moja. Alisema jina langu, taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu aliyelisoma kila siku akipanda ngazi. Akauliza kama ndivyo linavyotamkwa. Nikamwambia amekaribia, ila mkazo uko mbele kidogo. Akarudia. Kisha akanisogezea kiti kilichokuwa nyuma ya mlango, akisema viatu naweza kuviacha pale, karibu na vyake.